Kitenzi cha Jumanne

Darasa letu liko juu ya dobi, Ruwi,
nyuma ya Barabara ya Honda.
Mvuke wa pasi hupanda ngazi pamoja nasi,
huingia bila kulipa karo,
na Misi Annamma, mwalimu, mtu wa Kerala,
hufuta ubao kwa upindo wa sari.

Jumanne hii katuletea kitenzi kimoja tu.
Misi.
"Kama wewe mwenyewe?" akauliza Shafiqul, fundi wa viyoyozi.
Akacheka. La, mimi ni jina. Hiki ni kitendo.
Ukifika kituoni basi limeshaondoka, umelimisi.
Ukirusha jiwe, kopo likabaki limesimama, umelimisi.
Dawa ya saa mbili usipoinywa, umeimisi.
Nikaandika pembeni mwa daftari: kukosa.
Nikaona rahisi.
Nikafunika kalamu.

Bibi Zuweina binti Hamdun,
mzaliwa wa Wete, mkaazi wa Seeb tangu hajaota mvi,
mimi humpikia, humkanda magoti,
na kila Jumanne humsindikiza
kuitafuta lugha ya wajukuu wake wa Manchester.
Alikuwa akivuta tasbihi chini ya meza.
Akaniinamia sikioni, kwa Kiswahili chake cha Pemba:
"Neno hilo kaniambia Munthir, Ijumaa, kwenye simu.
Ai misi yu, bibi.
Siku nne hizi nawaza, kanikosea nini mtoto yule?
Nimeshamsamehe, kosa moja haliachi mke,
sembuse mjukuu.
Lakini nataka kulijua hilo kosa."

"Hakukukosea, bibi. Amekukosa.
Irabu moja tu imezidi."

Akanyamaza. Shanga tatu, nne, zikapita.
Kiyoyozi kikadondosha maji ndani ya ndoo ya rangi,
Shafiqul akakitazama kwa jicho la kazi.
"Lakini aliyeondoka ni yeye," akasema.
"Kwani basi nalo humkosa abiria?"

Sikuwa na jibu. Nikainua mkono nimuulize mwalimu,
nikakosa maneno, nikaushusha.

Mimi nina mwanangu, Mbaruku.
Yuko Muheza kwa dada yangu, darasa la sita.
Vocha ni ghali, kwa hiyo tuna mapatano:
hunibipu.
Mlio mmoja: nimerudi shule, nimekula.
Miwili: mchele umekwisha, au sare imechanika.
Ni simu inayopigwa ili isipokewe,
salamu ambayo ukiidaka umeiharibu.
Misi Annamma hakuutoa mfano huo.

Basi alipokuwa akikoki kalamu yake ya ubao
simu ikatetemeka mkobani.
Mmoja. Nikashukuru Mungu.
Miwili. Nikaanza kuhesabu riale,
nikatoa za kodi ya dada, nikatoa za sare.
Mitatu.

Mitatu hatukuipa maana.

Nilitoka mpaka kwenye ngazi, penye mvuke,
na bibi akanifuata, mkono ukutani, magoti yakilia.
Salio sina. Akanipa simu yake,
ile kubwa, ya kutazamia wajukuu.
Muheza ilikuwa saa moja usiku.
Nilisikia televisheni ya jirani, sufuria, mtoto wa mtu akikohoa.
"Mbaruku! Mitatu ni nini? Unaumwa? Nani kafanya nini?"
"Hakuna, mama."
"Sema."
"Hakuna kitu, wallahi."
Kisha pumzi, karibu sana na kinasa sauti,
kama mtu anayepuliza chai ya mwenziwe.
"Nilikosea tu."

Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa, sikujua.
Chini yetu dobi akabana shati la mtu kwenye ubao wa pasi,
akanyunyiza maji, likafuka.
Bibi Zuweina akaushika mkono wangu wenye simu
asije akaniona nakata.

"Irabu," akasema.