Uzito wa Mfuko

Mahakamani Ibra, dirisha la tatu,
karani aliniambia juzi kwa Kiswahili cha mama yake,
kile cha Unguja kilichokunjwa kabatini,
kwamba sheria imebadilika, ndiyo,
ila haijabadilika kwa kila mtu.

Chini ya gramu ishirini, faili hufunguliwa,
hakimu huihesabu miaka upya.
Ishirini na kuendelea, faili hulala.
Ya Hamdun, mwanangu, imeandikwa
ishirini nukta nne.

Nikamuuliza nukta ina uzito gani.
Akacheka kidogo, akaona sicheki, akakohoa.

Mimi nauza bizari. Mwaka wa thelathini na moja huu,
mlango wa pili baada ya mfua fedha.
Iliki, mdalasini, pilipili manga, ndimu kavu.
Na sijapata kumuuzia mtu mfuko.
Kwanza naweka mfuko mtupu, narudisha mshale kwenye sufuri,
ndipo namimina. Mtoto anajua hilo.
Hamdun alilijua ana miaka sita,
kasimama juu ya debe, ulimi nje,
akingoja mshale utulie.

"Walipima pamoja na mfuko?"
Karani akapekua. Karatasi ya maabara,
muhuri wa buluu uliopauka kwa miaka tisa:
*kifurushi kimoja, na kifungashio chake.*
Akaisoma mara mbili. Ya pili hakutoa sauti.

Sikusema mwanangu hana kosa.
Analo. Baba yake alikufa bila kulitaja jina lake.
Siombi sheria imsahau.
Naomba impime yeye, mfuko iuache.

Jioni nikaenda kwa mfua fedha, kwenye mizani yake ya kioo,
ile inayoshtuka hata kwa pumzi.
Nikaweka mfuko wa nailoni, wa aina ile ile, mtupu.
Tukaziba midomo kwa leso, wazee wazima.
Nukta saba.

Leo nimerudi dirishani. Ombi kurasa mbili,
mfuko nimeubana pembeni kwa pini.
Karani kautazama, kagonga muhuri: *Imepokelewa.*
"Kupokelewa si kukubaliwa, mama. Nielewe."
Nimemwelewa. Nirudi baada ya Idi.

Dukani nimemkuta mteja, anataka robo ya iliki.
Nikaweka mfuko. Nikangoja mshale utulie.
Ulitulia.
Nikaendelea kungoja.