Kiinua Mgongo

Serikali imenipa kiinua mgongo,
na mgongo wenyewe, asubuhi, hauinuki
mpaka niuombe mara mbili.
Mwanangu Ezaruku kapiga simu kutoka Kampala:
Mama, nunua ng'ombe. Mama, ezeka jiko kwa mabati.
Nikasema ndiyo, ndiyo, mwanangu,
nami nimekwisha fika kwa fundi Alioni, nyuma ya soko la Arua,
naitazama Yamaha nyekundu
iliyobonyea tangi upande wa kushoto
kama shavu la mtu anayenyonya jino bovu.

Nikachuchumaa. Goti likasema neno, nikalinyamazisha.
Nikapitisha kidole chini ya injini, kikatoka cheusi.
Nikatikisa gurudumu la nyuma, nikahesabu spoku:
mbili ni waya wa kufungia ua.
"Imetembea kiasi gani?"
Alioni akaonyesha saa yake:
kilomita elfu arobaini na moja, mia tatu na sita.
"Na mwaka jana?"
"Elfu arobaini na moja, mia tatu na sita."
Tukatazamana. Sikumlaumu.
Na mimi nina umri niliousimamisha;
niulize kanisani, nitakutajia ule ule.

"Ya nani, mama? Kijana wako wa boda?"
Nikamwambia: wewe hujazaliwa
mimi nafunga sanduku la baridi kwa kamba ya mpira,
chanjo ya surua ndani, barafu inaanza kulia,
Arua hadi Terego, Terego hadi Rhino Camp,
mvua ya Agosti, udongo umeng'ang'ania rimu kama mdai,
na wanawake wako foleni tangu alfajiri.
Wakisikia mlio wanajua: Drateru huyo,
fungueni watoto migongoni.
Miaka tisa.
Kisha wakanipandisha cheo,
yaani wakaniteremsha pikipiki:
meza, muhuri, kiti kinachozunguka kisifike popote.
Funguo niliwarudishia siku ya Ijumaa. Walinipa risiti.

"Milioni mbili na nusu," akasema Alioni.
Moja na nusu, na spoku mbili juu yako.
"Mama, unaniua."
Hujafa bado. Niache nipige kiki.

Ya kwanza, kimya.
Ya pili, kikohozi.
Ya tatu ikanirudi kwenye ugoko, nikatukana kwa Kilugbara
neno nisilolitamka tangu niolewe,
na vijana wa gereji wakasahau kutafuna.
Ya nne,
moshi, wa bluu kidogo, hiyo ni ringi, nitadai punguzo,
kisha ile sauti,
na mguu wangu wa kushoto, bila kuniuliza,
ukaitafuta gia ya kwanza
ukaikuta palepale nilipoiacha.

Ikanizimikia langoni. Wakacheka.
Ikanizimikia tena. Hawakucheka,
walinihurumia, na hilo ni baya zaidi.
Mara ya tatu nikatoka
polepole, kama mtu aliyebeba uji wa mgonjwa,
nikawapita wauza mihogo, nikalipita bango la benki,
gia ya pili,
upepo ukaingia chini ya kitambaa changu,
ukanikuta nimezeeka,
ukaendelea na kazi yake.

Sikwenda mbali. Hadi daraja la Enyau, nikarudi.
Breki ya mbele ni jina tu.
Kioo cha kulia kinaonyesha bega langu, si barabara.
Milioni moja na laki nane, kadi mkononi,
na kofia ngumu ya bure
yenye harufu ya kichwa cha mtu mwingine.

Jioni Ezaruku akapiga tena.
"Mama, ng'ombe umempata?"
Nimempata, nikasema. Mwekundu.
Ana kovu dogo shavuni.
"Anakula vizuri?"
Anakunywa, mwanangu. Anakunywa sana.
Nikakata simu kabla hajauliza maziwa,
nikauweka ugoko kwenye maji ya chumvi,
mlango nimeuacha wazi
ili nimwone.