Mita 4471

Saa nane usiku, ghorofa ya sita, Barabara ya Enterprise.
Tunahamisha bili za maji kutoka mfumo wa zamani,
ule aliouandika Musembi kabla ya kustaafu:
mistari elfu tatu, maelezo mawili.
La kwanza, *Usiguse.*
La pili, *Mita 4471, iruke.*

Miaka kumi na tisa, kila usiku,
data imefika hapo ikaruka
kama mtoto anayeujua mtaro hata gizani.

Mfumo mpya hauruki. Unauliza.
Kisanduku chekundu: *Sababu?*
Hakikubali kuachwa wazi.

Kerubo ananyamazisha feni. Nampigia.
Musembi anapokea mlio wa kwanza,
kana kwamba hajawahi kulala tangu atoke hapa.
“Ah, hiyo. Bomba la zahanati, Mukuru.
Walikuwa wakioshea vichanga.
Nilisema nitairekebisha Jumatatu.”

Jumatatu ipi, hasemi.
Nami siulizi.

Naandika: *Imerithiwa.*
Kisanduku kinafikiri,
kinageuka kijani.

Rekodi laki mbili na sita zimehama.
Moja imeruka.
Nje, huko chini, mlinzi anafungua mfereji,
ananawa uso.