Utupu Hauvuti

Mama mkwe, Thomasin Yeo, aliniuliza jikoni
viazi vikichemka:
"Treni yenu hiyo isiyo na moshi, Jabez,
inavutwa na nini?"

"Na utupu," nikasema.
Akacheka hadi akashika ubavu.
"Utupu husitiriwa, mkwe, haufungwi behewa."

Nikamweleza nilivyoelezwa na fundi:
kati ya reli mbili umelala mrija wa chuma,
mnene kama pipa la mvinyo wa matufaha.
Jumba la pampu lanyonya hewa ya mbele,
ya nyuma yaja kwa kishindo, yasukuma pistoni,
na pistoni haiendi bila mabehewa yake.
Hakuna masizi. Mabibi wa Exeter
hushuka na kola nyeupe kama walivyopanda.

Kazi yangu ni mdomo wa mrija,
ufa wa maili na maili uliozibwa kwa ngozi ya ng'ombe,
ufunguke pistoni ipite, ujifumbe nyuma yake.
Ndoo ya shahamu mkono huu, brashi mkono ule,
napaka, napaka,
alfajiri ngozi imekauka tena.
Januari iliganda ikawa ubao.
Julai ikapasuka.
Panya walikuja usiku kuilamba shahamu,
saa kumi na mbili pampu ikaamka,
tukawaokota jumbani, wameshiba, wamekufa.

Kila penye tundu hewa ilipenya
ikikoroma kama mtoto mwenye pumu,
hata treni ikaishiwa pumzi kando ya bahari,
na watu wa daraja la tatu wakashuka kusukuma,
wakimtukana fundi, na shahamu, na mimi.

Mwaka haukutimia.
Mrija uling'olewa, ukauzwa kwa ratili.
Moshi ukarudi kwenye kamba za nguo.

Thomasin hakucheka siku hiyo.
Mezani kwake kuna kiti kisichokaliwa,
cha Hosea, aliyekwenda Kanada kukata miti.
Kila jioni, saa ya posta,
huacha kinu, huacha unga, huenda mlangoni,
na hakuna aliyemwita.

"Jabez," aliniambia akiwa kizingitini,
mgongo kwangu, "huo utupu wenu
nguvu unazo.
Mlikosea ngozi tu."

Nilibaki na kipande cha ngozi ile.
Nilimshonea soli.
Zinavuja.