Kistari

Atlasi ililetwa imefungwa kwa leso,
mgongo umevunjika, gundi imekuwa unga.
"Baba alishika mnyororo wa wapima ardhi
miaka kumi na tisa," alisema Bi Odilia Mandaba.
"Hiki ndicho kiinua mgongo chake."

Najalidi vitabu Kirinyaga Road,
juu ya duka la vipuri:
Biblia, leja za vyama, madaftari ya kwaya.
Ramani ni nadra. Nikafungua, nikasoma
kwa silabi, kama mtoto wa chekechea:
U-bangi, kistari, Sha-ri.
Bangi na shari!
Nikadhani nasoma mashtaka ya Makadara.

Akacheka hadi miwani ikamteleza.
"Ni mito. Mfaransa aliona maji huku, maji kule,
akaandika majina mawili, akatia kistari.
Sisi tukawa kilichobaki katikati."

Ubangi, kwa kidole chake, ukashuka,
ukaingia Kongo, ukaingia bahari.
Shari ukapanda kaskazini
hadi ziwa Chadi, ukaishia humo.
Nami nimekua nikiambiwa mito yote huenda baharini.
"Haikutani popote?"
"Hapa tu." Ukucha ukagusa kistari,
kifupi kuliko mguu wa sisimizi.

Baadaye nchi ikaitwa Afrika ya Kati.
Baba yake aliuliza swali moja:
kati ya nini na nini?
Kwa Kisango, akasema, katikati na moyo ni neno moja.
Alilisema akipekua mkoba,
akitafuta mia mbili ya arbuni.

"Na Nairobi?"
"Maji baridi. Wamaasai ndio walioyaita hivyo."
Tukachungulia dirishani: mto mweusi wa oili chafu,
kijana akiosha gia ndani yake.
Mgeni ana adabu. Hakusema kitu.

Usiku nikashona. Ukurasa ule umekunjika
palepale penye jina: Ubangi kushoto,
Shari kulia, kistari kwenye mkunjo,
nusu kimeliwa na mende.
Sindano haikuwa na njia nyingine.
Nikapaka uzi nta, nikatoboa.

Asubuhi, kabla ya kulipa,
aliuvuta ukurasa pande mbili
kama anayejaribu kitambaa cha Gikomba.
Uzi ukashika.
"Kazi nzuri," akasema.
"Lakini usije nawe ukadai nchi."