Lesta Haina Bahari

Kwanza kengele.
Kengele za kanisa nisilolijua, la kijiji nisichokijua,
zinaporomoka kama sufuria zilizoteleza rafuni,
na Mama, kama Jumapili zote: "Hawa wamelewa?"
Kule ni saa mbili kasorobo, baridi bado imeshika miti.
Hapa Umoja saa tano kasorobo, nguo za jirani zimeshakauka,
naye ametoka ibada ya kwanza, amevua viatu,
amenyoosha miguu kungoja redio ya Waingereza.

Simu yangu tumeilaza ndani ya bakuli la bati
ili sauti ipate tumbo.

Mama ana Kiingereza cha risiti na cha foleni ya hospitali.
Hiki cha hewani kinamkimbia.
Basi mkalimani ni mimi,
nakatakata vitunguu huku nakatakata sentensi.

Mkulima anasimulia kondoo aliyezaa kwenye theluji.
"Huyo," asema Mama, "amewahi kushika mnyama."
Mwanamke mwenye sauti ya asali anaomba mchango
kwa watoto wa mahali panapotajwa kwa jina moja tu, Afrika.
Mama anafungua fundo la leso.
"Waulize kama wanapokea kwa simu."

Wasomi wanne wanabishana kama wakati upo kweli
au ni mazoea ya akili.
"Mokua yuko nyuma yetu saa tatu," asema Mama.
"Mimi nimeshaosha sahani, yeye bado hajaona njaa.
Wangekuja waniulize mimi."

Jioni, wataalamu wa bustani.
Bwana mmoja analia: waridi lake limeota madoa meusi.
Wanampa dawa tatu zenye majina marefu.
Mama anatazama gunia lake la sukuma pale roshani,
majani yamejaa vidukari.
"Majivu," analiambia bakuli. "Nyunyizia majivu, baba, uache kulia."

Kisha mchezo wa kuigiza. Mke ameshika kitasa cha mlango,
mume anamwita,
na bando linaisha.
Nikanunua la shilingi hamsini. Kurudi, wamo kwenye habari.
Ameondoka au amebaki, hatutajua.
Mama anasema ameondoka. Aliisikia pumzi yake.

Mokua huogesha wazee wa watu katika nyumba ya wazee, Lesta.
Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa neno moja: Nipo.
Hiyo ilikuwa kabla ya Krismasi.

Saa tatu kasoro usiku husomwa hali ya bahari kwa mabaharia:
majina ya maji, upepo, namba,
polepole, kama mtu anayehesabu shanga gizani.
Lesta haina bahari. Nilitazama ramani.
Lakini wiki ya saba hii, kati ya maji na maji,
ninaipenyeza:
"Lesta, manyunyu. Upepo wa wastani. Kunaonekana mbali."
Na Mama hushusha pumzi, huyarudia maharagwe yake ya kesho.

Leo hakuyarudia.
"Yule mtu hakutaja Lesta," alisema.
"Jina la mahali alipo mwanangu nitalijua hata likitajwa na bubu."

Nje jenereta ya duka la Kwamboka ikakohoa, ikanyamaza.
Bakuli likaendelea: kaskazini, sita, baadaye saba.
Sikujua pa kuweka mikono.

Akachagua haragwe moja bovu, akaliweka kando.
"Endelea, Kerubo. Ila sema pia kama amevaa sweta."

Nikatega sikio, kama ninayemngoja bwana yule amalize.
"Amevaa," nikasema. "Ile ya kijivu."
"Ile ilitoboka kiwiko."
"Wanasema imeshonwa."