Kichwa Kisichotulia

Usiku wa tatu juu ya paa la maabara, Maseno,
Kageha anapima mwanga ulio ng'ambo ya wekundu.
Galaksi yenyewe haina jina, ina nambari tu.
Juzi ilikuwa kama pasi ya makaa iliyosahauliwa mezani:
haing'ai, lakini iguse uone.

Leo imepanda maradufu.

Anazungusha kichujio. Sifuri. Arobaini na tano. Tisini.
Mwanga unafifia, unarudi,
maana haukuja shaghalabaghala;
umechanwa, umelazwa upande mmoja,
kama mama yake pale soko la Luanda
anavyogawa nywele za mteja kwa mkia wa kitana,
njia nyembamba hadi kisogoni.

Na njia ile imehama tangu jana.
Tangu jana! Ilihama kabla dunia haijawa
na kichwa hata kimoja cha kusuka.

Wingu linapanda kutoka ziwani.
Anaandika harakaharaka, mwandiko mbaya:
saa nne na dakika kumi, imegeuka tena.

Simu. Mama.
"Hujalala?"
"Bado. Kuna kichwa hapa hakitulii."